Mkungu wa Mama Yake Mwalimu

Kijiwe cha Kiegeani, Mafia, kiko kando ya lundo la makumbi ya nazi, na kama unataka kunywa kahawa kwa amani, kapite njia nyingine. Leo asubuhi palichafuka. Mwalimu Fortunatus, mtu wa Bukoba, amejishika kichwa, kahawa yake imepoa. Mama yake anaingia leo kwa boti, na safari ina shabaha moja: kuona mwanawe anakula nini huku kisiwani. Akikuta anakula ovyo, atamshikilia aombe uhamisho arudi kwao, na Fortunatus kuondoka Mafia hataki hata kwa dawa. Alishamkatia mkungu wa ndizi mbichi, za kupika. Akaenda semina Kilindoni, kurudi, mkungu wote manjano tupu! Kauleta hapa, uko miguuni pake.

— Mzee Shaibu, nani alikutuma?

— Nitumwe na nani, mwalimu? Nimeuona barazani, mwenyewe hayupo, nikasema jirani yangu kasahau. Nikauchimbia shimo, nikauvundika kwa moshi. Ahsante hunipi?

Fortunatus alitaka kulia, akajikuta anacheka. Mtu kama huyu utamgombezaje?

— Kwetu mkungu ukikatwa unakwenda chunguni, mzee.

— Mbichi? Sisi twapika mara mojamoja. Nyie kila siku?

Zubery, waliyembandika jina la Redio kwa kuwa hazimwi, akadakia.

— Bara kuna baridi. Ndizi ziligoma kuiva, watu wakakata tamaa, wakazipika.

— Mwongo wewe!

— Wallahi! Na kabichi je? Kule zimejaa mashambani, huku zinafika zimelegea. Kwa nini? Zimetapika njia nzima kwenye boti.

Watu wakavunjika mbavu. Shaibu akatua kikombe.

— Mpikie shelisheli la nazi. Mtu wa bara akilionja, njia ya bandarini anaisahau.

— Matembele! akapaza sauti Redio. Matembele ya nazi yanalainisha moyo. Wangepikiwa watu mahakamani, kesi zingekwisha zenyewe.

— Mama hali nazi, akasema Fortunatus kwa unyonge. Kwake nazi ni mafuta ya nywele.

— Astaghfirullahi!

Hapo bodaboda ikasimama. Akashuka mama wa miraba minne, kitenge kimemkaa. Fortunatus akaruka.

— Shikamoo mama! Boti imewahi?

— Marahaba. Kelele zenu nimezisikia tangu kule kwenye mkorosho. Mnagombania nini?

— Chakula chako, mama, akasema Shaibu. Tumo humo tangu asubuhi.

— Ahsanteni sana. Na nani amepika?

Redio akainamia kikombe chake. Fortunatus akausukuma mkungu nyuma yake.

Mama akaketi katikati yao, akavuta mkungu, akamenya ndizi. Akamenya ya pili.

— Nani kaziivisha?

Shaibu akanyoosha kidole, roho juu.

— Tamu, baba.

Fortunatus hakuweza kujizuia.

— Mama, na ule uhamisho?

— Nikupeleke wapi, na watu wameshinda hapa wakigombania chakula changu, hata hawanijui? Inuka, kawashe moto! Na hawa wote watakula.