Mkoba wa Kiunoni mwa Sture

Sasa hivi tu binti yangu Tyra, mwenye miaka miwili, ameufunga mguu wa meza ya jikoni kwa bandeji ya mazoezi, akaukaza kwa nguvu zake zote, kisha akaubusu. Aliyemfundisha kukaza ndiye ninayeandika habari zake hapa. Kubusu amejiongezea mwenyewe.

Sture Hammarlund, msimamizi wa kikosi chetu cha msitu hapa Lövberga, anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Mei, baada ya miaka thelathini na nane ya kupanda, kupunguza na kukata misonobari. Shule mimi niliiacha mapema, na kuandika kwenye jarida la ushirika si kazi niliyoizoea. Lakini wenzangu walisema afadhali mimi, kwa sababu mwenzetu Kjell angeandika matusi.

Alianza mwaka 1987, kijana mwembamba mwenye nywele nyingi. Picha yake ipo ukutani kwenye kibanda chetu cha kahawa, na wageni huuliza huyo ni nani. Siku hizo sanduku la huduma ya kwanza lilikaa kwenye gari. Mwaka wake wa kwanza mwenzake mmoja alijikata mguu kwa msumeno, na gari lilikuwa ng'ambo ya kinamasi. Yule mwenzake alipona, ila anachechemea mpaka leo. Tangu hapo Sture hajatoka nyumbani bila mkoba wake mdogo wa turubai kiunoni. Ukimuuliza sababu, anakujibu, "Gari lilikuwa mbali," na mazungumzo yameisha.

Mkoba wenyewe unaenea kiganjani. Ndani kuna mkanda wa kubana damu, bandeji nene, shashi ya kusindilia kwenye jeraha, glavu, mkasi na kalamu. Plasta hakuna. Kjell aliwahi kuchomwa na mwiba, akaja mbio ameshika kidole.

"Sture, nipe plasta!"

"Sina. Damu imejaa buti?"

"Haijajaa."

"Basi rudi kazini, mgonjwa wewe."

Huo mkoba umehudhuria mambo mengi. Umecheza kuzunguka nguzo ya maua kila sikukuu ya katikati ya kiangazi. Ulikuja kwenye harusi yangu na Melker chini ya koti la suti, watu wakadhani mzee ameficha chupa. Mkewe, Birgitta, anapenda kusema kwamba yeye ni mke wa pili. "Wa kwanza yuko pale kiunoni," anasema, "na hata sioni wivu, maana yule hapiki."

Sote tulipewa mkoba kama wake, na sote tulimwona anazidisha. Kila Jumatatu kabla ya kahawa tulifungua mikoba mezani, mbele ya sinia la maandazi ya mdalasini aliyooka Birgitta. Ilibidi uufungue kwa mkono mmoja, kisha kwa ule mwingine, ukiwa umevaa glavu zilizolowa. Aliyeshindwa hakuonja andazi. Na sheria ilikuwa moja: mkoba wako ni wa damu yako. Ukiumia wewe, wenzako wanafungua wa kwako, kwa hiyo sote tuliuvaa upande uleule, ili asiwepo wa kutafuta.

Jumatatu moja mkoba wa Kjell ulifunguka, ikadondoka soseji.

"Hii inabana damu?" Sture akauliza.

"Inabana njaa, mzee."

Kjell alikunywa kahawa tupu. Siku hiyohiyo hata Melker, mume wangu, ambaye vitu vyake vyote hukaa kwa mpangilio, alinyimwa andazi. Mkanda wake ulikuwa bado ndani ya plastiki ya dukani, unang'aa.

"Unautunzia harusi?" Sture akamwambia. "Harusi umeshafunga. Toa hiyo plastiki. Mtu anayevuja damu hana meno ya kuchania."

Melker alinuna, lakini aliitoa, akaukunja mkanda vile alivyoonyeshwa.

Wiki hiyohiyo upepo mkali uliangusha miti upande wa ziwa. Miti iliyolaliana ni mibaya. Shina linajikunja kama upinde, ukiligusa vibaya linafyatuka. Sture alikuwa kwa daktari wa meno mjini. Shina likafyatuka, msumeno ukaruka, ukamkata Melker mkono wa kushoto karibu na kiwiko.

Kjell alikuwa naye, na gari lilikuwa mbali. Mkono wake wa kulia aliugandamiza kwenye jeraha, hakuthubutu kuuondoa. Kwa ule wa kushoto, na glavu imelowa, alifungua mkoba wa Melker, akavuta mkanda, akaupitisha juu ya kiwiko, akausokota mpaka damu ikakata. Halafu akapiga simu ya dharura, na baada ya hapo akampigia Sture.

"Mkanda uko juu ya jeraha?" Sture akauliza, nusu ya mdomo ikiwa imekufa ganzi.

"Uko juu."

"Saa uliyoufunga umeandika?"

"Nimeandika kwenye paji la uso wake."

"Mwandiko wako unasomeka?"

"Mzee, nitakutukana."

"Nitukane. Ila usimwache alale. Mwambie habari za soseji."

Helikopta ilipotua kwenye uwazi wa msituni, Kjell alikuwa bado anasimulia soseji, na Melker alikuwa bado anamtukana. Hospitalini waliniambia uhai wake hauna shaka tena. Kuhusu mkono, walisema tungoje. Tyra alikuwa hajaota hata jino. Melker aliporudi nyumbani, usiku nilimlaza Tyra upande wa kulia wa baba yake, kwa sababu mkono wa kushoto haukuweza kumbeba.

Sture alikuja wodini na mfuko wa karatasi. Alisimama miguuni pa kitanda.

"Umekosa ukaguzi wa Jumatatu," akamwambia Melker, akamwekea andazi mapajani. "Hili ni la mkopo."

Majira ya baridi yote Melker alifanya mazoezi ya vidole. Aliporudi kazini, mwezi wa nne, hakuna aliyemdai ukaguzi. Mwenyewe aliuweka mkoba mezani, akavaa glavu iliyolowa, akaanza na mkono wa kushoto. Ilichukua muda. Zipu ilikwama, akaiachia, akaishika tena. Zipu ilipofunguka mpaka mwisho, Sture aligeukia dirishani, akasema kahawa imepoa. Kisha akamsogezea sinia zima.

Katika miaka yake Sture amepanda miti upya kwenye mlima wa kaskazini, amefundisha vijana wengi kukata bila kujikata, na jeki yake ya kuinulia magogo bado tunaigombania. Lakini mimi nikiulizwa alichofanya, nitasema kwamba alituchosha kila Jumatatu, na asante sana kwa uchovu ule. Kuanzia sasa ukaguzi ni wa Kjell. Ameshatangaza kwamba soseji ni marufuku, na ametangaza bila aibu yoyote.

Sture, kikosi kizima kinakushukuru, na nyumba yangu inakushukuru kupita kikosi. Tunakutakia asubuhi tulivu za kuvua samaki, magoti yasiyouma, na Birgitta asiyechoka kuoka. Uwe unapita kibandani; kahawa yako ipo. Nilitaka kuongeza neno kuhusu wale watakaokuja baada yetu, lakini Melker anaita kutoka uani, "Ylva! Mlango!" Keki yako ni kubwa, ameibeba kwa mikono yote miwili, na Tyra, aliyenitoroka kwenda uani, ameshamning'inia mguuni, kwa hiyo ngoja kwanza niwafungulie, halafu...