Shati la Kwenda Mbaraki

"Andika karani," alisema baba mdogo Benard. "Karani ni kazi inayoeleweka. Hiyo uliyoiandika wewe hata mchungaji ataitamka vipi?"

Sidi akajibu kwamba marehemu hakuwa karani hata siku moja.

"Na ni nani aliyewaambia watu ni karani? Si mdomo wako huo? Kesho Bimdogo, mwenye nyumba wenu, atakaa kiti cha mbele, katoka Mji wa Kale na jua lote hili, na saumu yake. Utamwambia nini?"

"Nitamwambia nilisema uongo, baba mdogo."

"Basi soma mwenyewe. Mimi simo."

Wapendwa waombolezaji, maneno hayo yalisemwa jana alasiri hapa hapa nyumbani Kaloleni, na ndiyo sababu historia ya marehemu Morgan Kadenge inasomwa na mdogo wake wa kike, Sidi, ambaye masomo yake yaliishia kidato cha pili, na mkisikia sauti inakwama mumvumilie.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1996 katika boma hili, mtoto wa kwanza wa Mzee Kadenge na marehemu Mama Mbodze. Akiwa na miaka tisa alishikwa na homa kali iliyomvimbisha viungo, akalazwa wiki tatu, akapona, au ndivyo tulivyodhani.

Alianza darasa la kwanza Januari 2003, akamaliza kidato cha nne Novemba 2014, kisha akasomea kompyuta katika chuo kimoja Mombasa kuanzia Januari 2016 hadi Desemba 2017, na Juni 2018 akapanga chumba cha juu kwa Bimdogo, Mji wa Kale.

Kuhusu kazi, marehemu alikuwa mwandishi wa kujitegemea. Hakuajiriwa na mtu, alipokea kazi kwa mtandao kutoka kampuni za mbali zinazotengeneza programu za simu, akaziandikia Kiswahili chake, yaani yale maneno mnayoyaona mkifungua simu, bonyeza hapa, subiri kidogo, jaribu tena. Waliompa kazi walikuwa macho wakati sisi tumelala, kwa hiyo alilala mchana, na jina lake halikuwekwa popote.

Hakuoa wala hakujaliwa mtoto, ila alimlea mdogo wake. Sidi aliacha shule Juni 2022 ili amuuguze mama, na mama alipofariki marehemu akamchukua, Januari 2023, wakaishi pamoja. Alikuwa na desturi moja, kabla ya kutuma kazi alimpa Sidi simu na kumwambia afuate maelezo hatua kwa hatua bila kuuliza swali, na pale Sidi alipokwama, marehemu alifuta na kuandika upya. Sidi alidhani anachaguliwa kwa kuwa ndiye mjinga wa karibu.

Sasa inakuja sehemu ambayo baba mdogo hakutaka isomwe. Jumatatu moja ya Machi 2023 Bimdogo alikuwa barazani anachambua mchele, akamwita Sidi. "Kijana wetu huyu yuwafanya kazi gani, mwanangu? Mchana kutwa yuwalala, na watu hawana dogo, wasema ni katika wale matapeli wa simu." Sidi alikuwa na jibu la kweli, akaliona halitoshi, akaona haya kwa ajili ya kaka aliyekuwa akimlisha, akasema ni karani kwa wakala wa mizigo huko bandarini Mbaraki, ila yuko likizo. Marehemu alikuwa kwenye ngazi, akasikia yote.

Hakumkemea. Kesho yake saa moja asubuhi, akiwa ndiyo kwanza amemaliza kazi yake, alipiga pasi shati jeupe, akashuka, na mlangoni akasema kwa sauti, "Likizo imekwisha, naenda kazini, Bimdogo," naye Bimdogo akamwombea riziki. Alitembea hadi Mbaraki, akakaa kwenye kibanda cha chai, akarudi adhuhuri kama aliyemaliza zamu, akalala. Siku hiyo Sidi alicheka sana, akidhani ni mzaha wa siku moja, lakini marehemu alivaa lile shati na kutembea hivyo kila siku ya kazi kwa karibu miaka miwili, na muda wote huo neno moja tu la Sidi pale barazani lingemrudisha kitandani, Sidi asiliseme.

Mwaka jana mwezi wa Julai Bimdogo, ambaye ana sukari, aliwekewa na mjukuu wake programu ya kumkumbusha dawa. Alituonyesha. "Aliyeandika haya kalelewa," alisema. "Nikikosea haniambii nimekosea, aniambia haya, bibi, turudie pamoja. Laiti ningemjua nikampikia." Sidi aliyatambua maneno yale, maana ndiye aliyekwama hapo, na marehemu alikuwa amesimama nyuma yake na shati lake la Mbaraki. Alingoja kidogo, akamwangalia mdogo wake, kisha akapanda ngazi.

Marehemu aliingia hospitali Jumatano tarehe 26 Februari 2025, akafariki Jumanne tarehe 11 Machi, akiwa na miaka ishirini na minane. Katika mfuko wa shati Sidi alikuta karatasi ya daktari ya Oktoba 2023, iliyosema moyo umechoka, alale vya kutosha, asitembee juani. Daktari alimweleza Sidi kwamba ugonjwa ulianza na ile homa ya utotoni, na kwamba asijitwike lawama, lakini daktari hakulijua lile shati.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Mji wa Kale waliokodi basi kuja huku wakiwa wamefunga, na wenzake wa kazi, ambao hatuwajui kwa sura, waliotuma rambirambi katika lugha tatu. Bimdogo, yule uliyetaka kumpikia ndiye huyu aliyelala hapa mbele yako, na aliyekuficha jambo hili ni Sidi, anakuomba radhi, na anakuomba wewe kwa sababu kaka hawezi tena kuombwa.

Kaka, lala sasa hadi utosheke, hakuna anayekungoja Mbaraki.

Asubuhi ile ya Februari walishuka pamoja, marehemu amemshika Sidi bega, na Bimdogo, ambaye hakujua ni safari ya hospitali, akauliza kwa utani kama leo karani anampeleka dada yake ofisini. Marehemu alisimama mlangoni, akavuta pumzi mara mbili, akasema, "Huyu ndiye ofisi yangu, Bimdogo. Halijatoka neno langu humu ndani ambalo hakulisoma yeye kwanza."