Crispus Ngowa Kalama, Aliyemchora Yangeyange (1938–1999)

Kwa tangazo lake la tarehe 2 Desemba 1996, Kampuni ya Sabuni ya Yangeyange, Mombasa, iliujulisha umma kwamba nembo ya ndege mweupe iliyokuwa kwenye sabuni zake tangu mwaka 1968 imeondolewa rasmi. Kwamba haitaonekana tena mahali popote, kwa namna yoyote ile. Na kwamba hata baada ya kuondolewa inabaki kuwa mali ya kampuni. Familia ililisoma tangazo hilo kwa heshima zote. Inaanza nalo hapa kwa sababu huyu tunayemzika leo ndiye aliyemchora ndege huyo. Tangazo lenyewe halimtaji.

Marehemu Crispus Ngowa Kalama alizaliwa tarehe 14 Agosti 1938 huko Kaloleni, mtoto wa tatu wa Mzee Kalama na Bi Kadzo. Mama yake alisimulia kwamba alianza kuchora kwa makaa kwenye ukuta wa jikoni, kwamba alichapwa kwa kosa hilo, na kwamba kesho yake aliichora fimbo.

Alisoma Kaloleni hadi darasa la nane, mwaka 1955. Katika darasa la mwisho mwalimu mkuu alimpa kazi ya kuchora ramani ya Afrika ukutani, na aliichora vizuri kiasi kwamba hakuna aliyethubutu kuigusa. Matokeo yake ni kwamba kila nchi ilipopata uhuru na kubadilisha jina, Ngowa aliitwa arudi shuleni afute na kuandika upya, ingawa alikuwa ameshaondoka. Alienda kila alipoitwa. Ndivyo alivyoingia katika kazi ya kurekebisha yaliyokwisha chorwa, na hakuwahi kutoka.

Mwaka 1958 aliteremka Mombasa, akajifunza uandishi wa mabango kwa fundi mmoja karibu na soko la Marikiti. Mwaka 1965 alipanga chumba chake mwenyewe mtaa wa Kuze. Aliandika majina ya maduka ya vitambaa, ya washonaji, ya matabibu, ya wauza halua. Nusu ya mji ilijulikana kwa mkono wake. Mlango wa chumba chake haukuwa na kibao. Majirani walimtania: "Mwalimu, wewe wajua kuwaandika watu wote, mwenyewe umejisahau?" Naye hujibu, "Nangoja nipate la maana la kuweka."

Tarehe 17 Desemba 1966 alifunga ndoa kanisani na Dama Dzoro, mwalimu wa shule ya chekechea. Katika kuposa alimpelekea picha yake aliyomchora kwa kumbukumbu. Dama alimrudishia ujumbe kwa shangazi yake: "Mwambieni pua si yangu, lakini nakuja." Walikaa Tudor tangu siku hiyo, wakajaliwa watoto wawili, Mapenzi na Morgan.

Sasa ndege. Mwaka 1968 Mzee Ghassan, mtu wa Kuze, alifungua kiwanda cha sabuni akataka alama ambayo hata asiyejua kusoma ataitambua dukani. Ngowa alishuka ufukweni Tudor maji yakiwa yametoka, akamkuta yangeyange amesimama kwenye tope, mweupe pe, kama aliyetoka kufuliwa wakati huo. Alimchora alivyomwona, kwa mguu mmoja, akampelekea mwenye kiwanda.

"Ngowa, mguu wa pili u wapi?"

"Ameukunja, Mzee. Ndivyo asimamavyo."

"Mimi sikukuagiza kilema, mwanangu. Mteja akiona nusu ya miguu, atauliza nusu ya sabuni iko wapi. Nataka ndege mzima."

Mchoro ukarudishwa. Ngowa alichora mwingine wenye miguu miwili, na huo ndio uliokubaliwa. Kwa miaka ishirini watu wa Marikiti hawakuagiza sabuni kwa jina. Walisema "nipe ya ndege", wakapewa.

Waliomwona kazini watakumbuka kwamba ukutani alimwanza ndege kwa miguu. Ukianza na kichwa, alisema, ukuta unaisha kabla ya ndege. Aliichora miguu kwa chaki, akapandisha mwili juu yake, ndipo akashika brashi. Kuta za kisiwa hiki, kutoka Kuze hadi Tudor, alizipaka hivyo.

Marehemu alipenda kusema kwamba nembo haizeeki. Wanaozeeka ni wenye nayo. Mwaka 1979 ilinunuliwa mashine mpya ya kuchapa karatasi za kufungia, nayo haikuyaweza manyoya ya shingoni. Ngowa aliitwa akayaondoa. Mwaka 1988, Mzee Ghassan akiwa ameshafariki, mwanawe Idarus alirudi kutoka masomoni akaeleza, kwa adabu, kwamba miguu inamkumbusha mteja tope, na sabuni haifai kukumbusha tope. Ngowa aliitwa akaiondoa miguu. Mwaka 1993 ilionekana kwamba jicho linamkazia macho mnunuzi. Akaliondoa na jicho. Kila mara alishukuriwa, na kila mara aliambiwa kwamba ndege sasa amekuwa wa kisasa. Kwenye kuta aliendelea kuanza na miguu kwa chaki, kisha akimaliza huifuta kwa kitambaa kibichi. Dama alimuuliza sababu ya kuchora kitu cha kufuta. "Nisipoichora," alisema, "huyu ataangukia wapi?"

Mwaka 1996 Idarus aliuza kiwanda. Wenye mali wapya walileta wataalamu, na wataalamu walileta mstari mmoja wa buluu uliopinda, uliofafanuliwa katika mkutano wa waandishi wa habari kuwa ni roho ya kuruka. Muuza vitunguu mmoja wa Marikiti, alipoonyeshwa karatasi mpya, aliuliza ni ukucha wa nani. Kwa wiki kadhaa wateja waliikataa sabuni hiyo wakidhani ni ya bandia, hadi kampuni ikapitisha gari la kipaza sauti kuwatangazia kwamba bandia ni ile yenye ndege. Dama alikuwa na vipande vya ile ya ndege jikoni. Alivitumia vikaisha.

Hapo ndipo marehemu alipopata la maana la kuweka mlangoni mwake. Maadamu ndege ametupwa, aliona, aliyemchora anaweza kumwokota. Alichonga ubao, akaupaka rangi nyeupe, akachora miguu miwili kwa chaki nyekundu, kisha akaona ni ustaarabu kuomba ruhusa kwanza. Alimwendea Idarus, aliyemjua tangu utotoni.

"Mwalimu, wallahi ningekuwa naye ningekupa," alisema Idarus. "Nimeuza kila kitu. Nimeuza mpaka manyoya uliyoyatoa."

Januari 1997 alivaa suti yake ya kanisani akaenda kiwandani na mkewe. Walipokewa na meneja mpya wa masoko, Bi Loise, mtu mpole, aliyewapa chai. Dama aliyashika mazungumzo kwa moyo na mara nyingi ameyasimulia, pasipo kuongeza neno.

"Mzee, tukusaidie nini?"

"Nimemfuata ndege wangu. Nasikia hammtaki."

"Hatumtumii tena, Mzee. Lakini ni wetu."

"Sawa. Nami naomba nimtumie mimi, mlangoni pangu. Mlango mmoja tu."

"Haiwezekani. Hatakiwi kutumiwa na mtu yeyote."

"Yaani nyinyi hammtumii, na mimi nisimtumie."

"Ndiyo hivyo, Mzee."

"Basi mmemfunga."

"Tuseme tumemhifadhi."

Marehemu alimaliza chai yake, akashukuru. Alipokuwa akisimama, Bi Loise alimwambia, kwa nia njema kabisa, kwamba kuna kazi ikiwa angeitaka: kampuni ilikuwa inatafuta fundi anayezijua kuta zote zenye ndege, azipake chokaa.

Aliichukua. Wengine wamemlaumu kwa hilo, na wengine wamemsifu kwa moyo wa kusamehe, wote wamekosea. Alimwambia Dama kwamba kijana mwingine angeacha mabaka. Kuanzia Februari hadi masika ya mwaka huo alizizunguka kuta zake moja baada ya nyingine na ndoo na ngazi, akawafunika ndege wake chokaa, na hakuacha baka hata moja. Aliporudi Kuze, alifuta miguu ya chaki kwenye ule ubao, akaugeuza ukawa wa kuwekea makopo ya rangi.

Ni katika kazi hiyo alipojikata mguu kwa bati akishuka ngazi. Alikuwa na kisukari cha miaka mingi, na kidonda hakikukubali kufunga. Machi 1998 mguu wa kushoto ulikatwa chini ya goti. Alipozinduka alimwambia Dama, "Ndege walimkata yote miwili. Mimi wamenibakishia. Nimemshinda." Dama alicheka, kwa sababu mumewe alikuwa akimtazama na kicheko ndicho alichotaka. Huo ulikuwa mzaha wake wa mwisho ambao familia inaukumbuka.

Baada ya hapo hakushika penseli. Mapenzi alimletea karatasi, Morgan akamletea rangi kutoka kazini kwake. Zilikaa dirishani zikapigwa na jua. Alikalia kiti chake Tudor, amegeukia ukuta uliokuwa mweupe, na akiulizwa anatazama nini alisema hatazami. Kasisi Mung'aro, aliye nasi hapa leo, na aliyetupa idhini ya kuyaandika haya, alimtembelea akamwambia kwamba kazi ya mikono yake Mungu anaiona.

"Ataionea wapi, Baba?" aliuliza marehemu. "Nimeipaka chokaa mwenyewe."

Kasisi alikaa naye hadi jioni.

Mwezi Mei mwaka huu mguu wa pili ulianza kuwa mweusi. Madaktari walishauri ukatwe. Marehemu alikataa, kwa upole na bila kutoa sababu. Alifariki hospitalini Mombasa, Jumamosi tarehe 19 Juni 1999, saa tisa alasiri. Alikuwa na umri wa miaka sitini.

Ameacha mjane, Dama, watoto, Mapenzi na Morgan, wajukuu wanne, dada yake, Bi Kache, na mlango mmoja Kuze usio na kibao. Mungu amlaze pasipo na mtu wa kumwita arudi kurekebisha.

Mwisho, neno kuhusu jalada la programu hii. Jumapili iliyopita, katika kutafuta kitambulisho cha marehemu kwa ajili ya kibali cha mazishi, Dama alivuta droo ya kabati akakuta imetandikwa karatasi. Ulikuwa ni ule mchoro wa kwanza wa mwaka 1968, ambao Dama mwenyewe aliuchukua baada ya kukataliwa, akautandika pale wakati nyumba ingali mpya, kwa kuwa karatasi ilikuwa nzuri. Miaka thelathini na mmoja vijiko vilikaa juu yake. Marehemu hakuwahi kuuulizia; bila shaka alidhani ulipotea. Familia imeiuliza kampuni, na imeambiwa kwamba kilichokataliwa hakikununuliwa.

Ndege huyo wa jaladani anasimama kwa mguu mmoja. Zimechapwa nakala mia tatu. Aliyekosa amwone Mapenzi.