Bi Homoni Aaga Chumba Namba Tisa

Ijumaa hii, tarehe 30, saa tisa na nusu alasiri, muuguzi wetu mwandamizi atavua sare aliyoivaa kwa miaka thelathini na minne. Faili lake lina majina matatu kamili, lakini hospitali nzima, kuanzia mganga mkuu hadi wapishi, inamwita Bi Homoni. Mwandishi wa makala haya ni jirani yake wa ukutani. Maabara yangu na chumba chake vinatenganishwa na ubao mwembamba tu, kwa hiyo kwa miaka kumi na tisa nimesikia mengi kuliko niliyoajiriwa kusikia.

Alianzia wodi ya wazazi, akapita upasuaji, kisha uongozi ukaamua kufungua kliniki ya homoni. Uongozi ulitoa kila kitu isipokuwa chumba, vifaa na daktari. Mwishowe Bi Homoni alikabidhiwa Chumba Namba Tisa, stoo ya viti vya magurudumu vilivyovunjika, akaisafisha mwenyewe, na daktari akaahidiwa kila Jumanne, akijaliwa. Mlangoni palibandikwa kibao: "Kliniki ya Homoni za Akina Mama". Kabla ya wiki kwisha alikuwa ameyakwangua maneno matatu ya mwisho kwa wembe. Akaandikiwa barua ajieleze. Alijieleza kwa mstari mmoja: "Wanaume nao wana homoni, naomba wembe mwingine, huu umeisha makali."

Wagonjwa aliwafundisha hivi: homoni ni matarishi wa mwili, wanatoka kwenye tezi na kusambaza maagizo. Tarishi akizidisha barua, au akizichelewesha, ofisi yote inavurugika. Hedhi inapotea, mtu anakonda huku anakula, usingizi unakimbia, mimba haishiki. Ubaya ni kwamba magonjwa haya, kabla ya kufika Chumba Namba Tisa, huwa yameshapewa majina mengine mtaani: uvivu, hasira, mkosi. Binti mmoja aliyeota ndevu na kupata hedhi mara tatu kwa mwaka alikuwa ameshauriwa apunguze mawazo. Bi Homoni aliuliza kama kuna yeyote aliyewahi kuota ndevu kwa kuwaza. Binti akapimwa, akatibiwa.

Lakini kisa kitakachomwakilisha ni cha Mwamba, msimamizi wa magari yetu. Nakiandika kwa ruhusa yake na ya familia yake. Yeye mwenyewe alitaka kiwe ukurasa wa mbele.

Mwamba ni mnyanyua vyuma. Wakati huo shati lake la kazi lilikuwa halifungiki vifungo viwili vya juu, naye hakuwa na nia ya kulibadilisha. Mkewe, fundi cherehani mpole, alikuwa amekaa miaka sita ya ndoa bila mtoto. Aliletwa kliniki na mama mkwe, aliyebeba daftari lenye tarehe zote za hedhi za mkwewe, kila kosa limepigiwa mstari. Tulimpima mara tatu, na mara zote majibu yalikuwa safi. Mama mkwe akasema mashine zetu mbovu, na kwamba mke mwingine ameshaonekana. Posa itapelekwa mwisho wa mwezi.

"Na mume amepimwa?" Bi Homoni akauliza.

"Mume apimwe nini? Hukioni kifua kile?"

"Nimekiona, mama. Kifua hakizai."

Niliangusha kichupa upande wa pili wa ubao.

Kesho yake Mwamba alipeleka malalamiko kwamba muuguzi anadhalilisha wanaume. Kamati ya nidhamu, yenye wajumbe saba, wote wenye masharubu, iliketi haraka kuliko kamati yoyote katika historia ya hospitali hii. Bi Homoni akahamishiwa chumba cha kufulia, kukunja mashuka. Fundi cherehani akafungasha nguo zake, akaenda kwa dada yake.

Siku kumi na mbili baadaye, Mwamba alitokea kufulia akiwa ameshika kichwa. Alichagua pale kwa sababu hakuna mwanamume anayepita. Presha yake ilikuwa juu, mgongo umejaa chunusi. Bi Homoni alimketisha kwenye bunda la mashuka, akamuuliza taratibu anachotumia. Ndipo akasema: kwa miaka saba alikuwa anachomwa sindano za homoni ya kiume kule anakofanyia mazoezi. "Nilitaka niwe mwanamume kamili, dada," alisema, na mtu mzima yule akalia.

Kipimo chake nilikifanya mimi. Niliangalia hadubini, nikafuta lenzi, nikaangalia tena. Uwanja mtupu, hakuna hata mbegu moja. Bi Homoni alimweleza kwa lugha ya serikalini: ubongo ukiona bidhaa inaletwa kwa wingi kutoka nje, unaviamuru viwanda vya ndani vifungwe. Vikifungwa, hata mbegu hazitengenezwi. Mara nyingi hufunguka tena sindano zikiachwa, lakini kwa usimamizi wa daktari, na bila ahadi.

Fundi cherehani alikubali kurudi kwa sharti moja, kwamba mume amwambie mama yake kwa kinywa chake. Alimwambia mbele yetu. Mama alilifungua daftari lake, mikono ikimtetemeka juu ya kurasa. Bi Homoni aliitazama ile mikono, akaitazama shingo iliyovimba kidogo, akauliza kuhusu usingizi, joto na moyo kwenda mbio. Tukampima. Tezi ya shingoni ilikuwa inafanya kazi kupita kiasi, pengine kwa miaka. Ikabainika kwamba katika nyumba ile mwenye homoni zilizotulia alikuwa mmoja tu, naye ndiye aliyekuwa anafukuzwa.

Mama alitibiwa. Ukali ulipungua nusu. Nusu iliyobaki, daktari alisema, haitoki kwenye tezi. Mwamba alipitia miezi ya uchovu na huzuni, kifua kikapungua, vifungo vikafunga. Mwezi wa kumi na nne niliona mbegu zikiogelea, nikapiga ubao kwa ngumi. Binti yao sasa ana miaka mitatu. Bi Homoni alirudishwa chumbani kwake bila barua ya kuombwa radhi, kwani kamati haikufikia akidi.

Juzi, kwenye chai, nilimuuliza ukaidi huu aliutoa wapi. Alisema kwamba akiwa na miaka ishirini na saba alirudishwa kwao kwa kutozaa, na hakuna aliyefikiria kumpima mumewe. Baadaye yule bwana alioa wengine wawili, nao wakarudishwa kwa kosa hilohilo. Akamalizia chai, akaenda kumwita mgonjwa aliyefuata.

Uongozi umemwandalia saa ya ukutani na cheti. Nafasi yake itashikiliwa na kamati. Sisi tuliofanya naye kazi tunamshukuru kwa kila aliyetoka chumbani mwake akijua kwamba ni mgonjwa, si mwenye makosa.

Nenda salama, dada yetu. Tunakuombea miaka mingi ya raha, na tezi zako zote zifanye kazi kama ulivyofanya wewe: kwa wakati, kwa kiasi, na bila kungoja ruhusa ya uongozi.