Gari Lililolala Ukweni

Assalaam alaykum. Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu mlio nyuma ya pazia, shikamooni nanyi. Mkitaka kucheka chekeni kwa sauti nisikie, maana mmoja wenu humo ndani anaijua habari hii kuliko mimi, na nikitia chumvi atakohoa.

Mwenyekiti alisema chama chetu hiki cha kuzikana kisiwe cha kukutana msibani tu. Mtu asimame, aeleze alivyoanguka na alivyoinuka, wengine tujifunze. Leo ni zamu yangu. Sitamtaja mtu kwa jina.

Hapa Mitwero mnanijua kuwa ni mtu wa magari. Wengine mnasema mwendawazimu wa magari, na mimi nimekwisha kukubali. Nilipokuwa nafanya kazi ya kusafisha mashine kwenye shamba la mkonge, nyuma ya ghala palikuwa na gari dogo la meneja lililokufa siku nyingi. Kuku walitagia kwenye kiti cha dereva. Kila nikipita nalitazama, na wenzangu wananitazama mimi. Kipendacho roho, jamani! Vita vilipokwisha meneja akarudi kwao Ulaya, akaniuzia lile gari huku anacheka. Tulilisukuma watu sita mpaka kwangu, na hao sita nao walicheka njia nzima.

Ndugu zangu, nawaambia, mapenzi yapo. Nilikaa na gari lile mwaka mzima. Sakafu ilikuwa imeoza, nikaweka mbao za mninga. Viti nikavijaza sufi. Mlango mmoja ulikuwa unaanguka, nikaufunga kwa bawaba za mlango wa nyumba, na mpaka leo ndio mlango mzuri kuliko wote. Injini niliifungua, nikaifunga, nikaifungua tena. Siku lilipokohoa likawaka, nililia. Mikono imejaa grisi, nikajifuta machozi nayo, watoto wa jirani wakakimbia.

Taabu ilikuwa oili. Mnakumbuka siku zile baada ya vita, madukani hakuna kitu. Oili ya injini ukiisikia, ujue iko kwa serikali. Nikajiuliza, sisi watu wa pwani tuna nini kingi? Nazi! Nikakamua, nikapika mafuta, nikachuja kwa kitambaa, nikamimina kwenye injini. Gari likatembea Lindi yote, linanukia kama nyumba inayopika wali wa nazi. Nikajiona mimi ndiye fundi wa mafundi. Hapo ndipo maanguko yangu yalipoanzia, kwenye kujiona.

Maana wakati ule nilikuwa nimeposa kule Rondo mlimani. Wengi wenu asili yenu ni huko juu, mnaijua desturi. Mume huhamia kwanza kwa watu wa mke, akashika jembe, wajomba wakamjua ni mtu wa namna gani. Mimi nikapeleka ujumbe kwa mjomba wa binti: mahari nitatoa yote, lakini jembe sishiki, mimi ni mtu wa gari. Mjomba akajibu neno moja tu, "Haya." Ningekuwa na akili, ile "haya" ingenitisha.

Siku ya nikaha nilipanda Rondo na gari langu mchana, jua kali, gari linaimba. Watu walitoka, mpaka wa kijiji cha Nyangamara waliokuja harusini, wakalizunguka, wakaligusa. Bibi yake binti, mama mzazi wa mjomba, mzee kweli lakini mdomo haujazeeka, nikampa zawadi ya chupa ya mafuta ya nazi ya kujipaka. Akasema, "Ahsante, mume wangu. Huyu mjukuu wangu akikushinda, mimi nipo." Nikaha ikafungwa. Gari likalala nje.

Asubuhi tulitaka kuondoka mapema, kwa sababu huku Lindi ngoma ilikuwa inatungoja. Kilikuwa kipupwe, na mnajua baridi ya Rondo, ukungu huoni mkono wako. Bibi harusi ameketi ndani ya gari amejipamba, watu wote wamesimama. Nikatia hendeli mbele nizungushe injini. Haizunguki. Nikatia nguvu. Haizunguki! Kama imejengewa saruji.

Yule bibi mzee akasogea na mkongojo wake. "Mume wangu, subiri jua lipande."

Nami nikamjibu, Mungu anisamehe, "Bibi, gari si muhogo, halianikwi juani."

Watu wakacheka, nami nikavimba kichwa. Nikawaita vijana walisukume kwenye mteremko. Likateremka, nikaingiza gia, likashtuka, likawaka! Vigelegele! Badala ya kuliacha lipate pumzi, nikakanyaga mafuta mpaka mwisho ili ukweni wajue wamepata mkwe. Likanguruma. Kisha nikasikia ko, ko, ko, ko, kishindo kimoja, likanyamaza. Moshi mweupe. Bibi harusi ndani anakohoa.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa maana kuharibika gari si kuanguka. Nilianguka pale nilipofungua mdomo. Nilisimama mbele ya watu wale walionilisha na kunipa binti yao, nikasema, "Gari langu limetupiwa jicho. Hapa kuna watu wabaya." Vigelegele vikakatika. Niliona uso wa mke wangu kwenye dirisha la gari, na uso ule sitausahau.

Mjomba hakupandisha sauti. Alisema, "Mkwe, nikaha imefungwa, binti ni mkeo. Lakini mlima huu hashuki ndani ya kitu kisichojiweza, tena na mtu anayetuita wachawi. Kaa hapa ulitengeneze. Mvua zikianza halijatembea, chuma hiki nampa mhunzi atupigie majembe, na moja litakuwa lako, maana mkeo hatoki hapa." Akageuka akaenda zake.

Basi nikalala ukweni, mimi na gari. Jembe nililolikataa nikalishika, tukaanza kutayarisha mashamba. Malengelenge mikononi, mgongo unauma, na watoto wanakuja kutazama mtu wa pwani anavyolima. Nilinuna. Nilikula peke yangu, msikitini nikawa naswali nyuma kabisa na kutoka wa kwanza. Adhuhuri moja nilifungua injini. Beringi, zile pete za chuma laini ambazo shafti huzungukia ndani yake, zilikuwa zimeungua na kupasuka. Oili ikatoka nyepesi kama maji. Nikamwambia mke wangu, "Unaona? Oili nzima haina kasoro. Ni jicho tu hilo."

Akanijibu, "Wachawi wa huku wana kazi nyingi. Hawana nafasi ya kuroga magari." Akachukua sahani zake akaondoka. (Mnasikia? Anakohoa. Lakini hapo sijaongeza.)

Ilipofika wiki ya tano nikakata tamaa. Beringi mpya nitazitoa wapi, na huyo mwenye jicho nitampata wapi? Nikamwita mhunzi mwenyewe, nikamwambia njoo upime chuma chako mapema. Akaja asubuhi na kamba yake, anagonga bodi, anahesabu kwa sauti: hapa jembe moja, hapa mawili, hapa shoka. Nilikaa juu ya kinu nikamtazama anavyolikata gari langu kwa macho. Ndugu zangu, nilikuwa kama mtu aliye kwenye maziko yake mwenyewe.

Ndipo bibi akatoka ndani na ile chupa niliyompa, akaiweka kwenye jiwe palipoanza kupiga jua. Nikamsalimu, "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu. Zawadi yako ina uvivu hii. Kila asubuhi imelala, mpaka niiote jua ndiyo nipake. Mafuta yetu ya mbarika hayalali, hata baridi iwe kali vipi."

Nikaitazama chupa. Nyeupe tupu, imeganda, ameilaza chali wala halitoki tone.

Jamani! Na sisi hapa pwani tunajua mafuta ya nazi huganda! Kipupwe kikija unayapasha kiganjani yanayeyuka, basi, nani anafikiri zaidi? Niliruka pale kwenye kinu nikakimbilia debe langu la mafuta ya akiba, nikaligeuza juu chini. Halikutoka kitu. Asubuhi ile ya kuondoka injini yangu ilikuwa imejaa samli! Bibi wa watu alikuwa ananiambia subiri jua kwa sababu ndivyo afanyavyo kila mtu mwenye akili na mafuta yaliyoganda, nami nikamjibu upuuzi wa muhogo. Nililazimisha injini izunguke kavu, nikaiunguza kwa mguu wangu huu wa kulia. Nilipofungua mchana, jua lilikuwa limekwisha kuyayeyusha. Hapakuwa na jicho la mtu.

Nilicheka mpaka nikakaa chini, kisha nikalia. Mhunzi akadhani nimepata wazimu, akakunja kamba yake.

Jioni hiyohiyo nilichukua kuku wawili nikaenda kwa mjomba. Nikamwomba awaite wote waliokuwapo harusini, kwa sababu tusi la hadharani haliombewi radhi chumbani. Nikasema, "Mimi nimewaita watu wabaya, na aliyeroga gari langu ni mimi." Nikaeleza yote. Aibu ilinipanda mpaka masikioni. Mabega ya mjomba yakaanza kutikisika. "Kumbe mchawi ni mnazi!" Watu walivunjika mbavu. Akanishika mkono akasema, "Sasa tunaweza kufanya kazi na wewe, mkwe."

Nawaambia, kuanzia siku ile sikufanya tena kazi peke yangu. Yule yule mhunzi aliyekuja kupima majembe alikusanya vipande vya beringi zangu, akaviyeyusha kwenye kijiko kikubwa cha chuma, mivukuto inavuma, tukavimimina upya kwenye kalibu ya udongo. Mara tatu zikatoka na matundu, ya nne zikakaa. Kisha kazi ya kukwangua. Unapaka shafti masizi ya taa, unaivisha beringi, unazungusha, unatoa. Palipoingia weusi ndipo palipozidi, unakwangua kidogo kwa kisu. Unarudia, siku baada ya siku. Mimi nilizidisha, nikaharibu moja. Mke wangu alikuwa amekaa pembeni anachambua mboga, akaniambia, "Wewe unakwangua kwa hasira. Lete." Akakwangua. Akakwangua beringi zote zilizobaki, na ninyi mafundi mliokaa hapa mbele mnaojifanya mabingwa, mngeona mkono ule mngerudi kwenye kusukuma baiskeli. Hapo pembeni ya gari, na masizi mpaka puani, ndipo mimi na mke wangu tulipozoeana.

Mafuta walitupa akina mama. Kila nyumba ilileta mbegu zake za mbarika, wakatwanga, wakachemsha, wakaengua. Nyimbo walizonitungia wakati wa kutwanga sizisemi hapa msikitini. Mimi nikawalipa kwa jembe, shamba la huyu, shamba la yule, na wakati huo mikono ilikuwa imeota sugu, mpini wenyewe naupenda.

Gari lilikamilika siku mawingu yalipokuwa yamekaa juu ya Rondo. Tukasema kesho asubuhi, tena mapema, kwenye baridi. Mimi mwenyewe niliomba iwe kwenye baridi. Kulipopambazuka watu wamejaa, na matone yakaanza kudondoka. Mtu mmoja akasema, "Mjomba, mvua imeanza." Roho yangu ikaenda.

Bibi akajifuta maji usoni kwa ncha ya kaniki. "Mvua ipi? Huu ni umande mzito."

Mjomba akatazama mbingu, akamtazama mama yake, akavua kanzu. "Umande," alisema. Akaja mbele ya gari akaishika hendeli yeye mwenyewe. Nikamwonyesha namna ya kuweka kidole gumba kisivunjike. Akazungusha mara moja, injini ikazunguka laini. Mara ya pili likakohoa. Mara ya tatu likawaka, wallahi, likawaka na kutulia, tik-tik-tik-tik, na mimi safari hii sikukanyaga kwa mguu ule wa kulia. Tuliliacha lipate moto polepole, sote tumesimama tunalisikiliza chini ya umande unaotulowanisha chepechepe. Mke wangu akapanda mbele. Bibi akapanda nyuma, wala hakuna aliyemwita.

Mjomba akainama dirishani, ameloa, ana grisi mkononi. Akaniambia, "Shuka naye. Lakini wakati wa kulima mrudi, shamba lako liko pale."

Tulishuka mlima polepole, bibi nyuma anapiga vigelegele kila kona. Tulipofika tambarare nilimgeukia mke wangu nikakuta analia na kucheka kwa pamoja. Nami nilimwomba radhi pale, kwa ule uso wa dirishani. Akasema, "Tazama njia."

Kila mwaka tunapanda kulima. Gari mnaliona lipo nje hapo, na oili ya dukani siku hizi inapatikana, alhamdulillahi.

Sasa nishukuru. Namshukuru bibi, Mungu amrehemu, tumemzika mwaka jana. Namshukuru mjomba, na mhunzi aliyekosa majembe yake kwa ajili yangu, na akina mama waliotwanga. Namshukuru huyu aliyeko nyuma ya pazia. Mafunzo yangu ni machache. Ukikwama, kabla hujamtafuta mbaya wako, fungua kifuniko utazame uliweka nini mwenyewe. Na ukiambiwa subiri, subiri. Lakini dua yangu kwenu ni hii moja, niitikieni: kila mmoja wetu ataharibikiwa siku moja njiani, hilo halina budi. Mwenyezi Mungu atuharibishie penye watu.