Haikuwa Chuma Ulete, Ilikuwa Bili ya Wingu

Bwana asifiwe! Itikieni polepole tu leo, maana ushuhuda wangu hauna vigelegele.

Mnanijua. Mimi ni Mama Glory, nauza vitenge Kariakoo, na mdomo wangu hauna breki. Mwaka jana nilisimama hapa hapa, nikawaambia Mungu amenionyesha jirani anayevuta pesa zangu kwa uchawi wa chuma ulete. Mlishangilia! Kuna waliorusha vitambaa. Ndugu zangu, ule ulikuwa uongo. Sikujua kuwa ni uongo, lakini ndivyo ulivyokuwa, na leo nimekuja kuufuta.

Jirani mwenyewe ni Mama Zuhura, Mwislamu wa Lindi, muuza khanga. Fremu yake ya duka ilitazamana na yangu. Nilipolazwa wiki tatu kule Upanga, yeye ndiye aliyenifungulia duka, akauza, akaniletea pesa yote kitandani imefungwa kwenye leso. Na kila asubuhi alivuka kuja kwangu na noti ya elfu kumi. "Mama Glory, nichenjie mwaya, wateja wa mapema wanakuja na manoti makubwa." Wenye maduka mnajua, chenji ya asubuhi humpi mtu usiyemwamini.

Basi nikatamani wateja wa mbali, wa Lubumbashi na Moroni. Fundi mmoja wa kompyuta akanitengenezea duka la mtandaoni, picha za kila kitenge, kubwa, mtu anaona mpaka uzi. Akasema duka litakaa kwenye wingu. Wingu gani tena? Akacheka, akanieleza kuwa ni kompyuta za kampuni kubwa huko nje, unakodi nafasi kama tunavyokodi fremu, ila unalipia unachotumia tu.

"Kama luku?" nikamuuliza.

"Kama luku, mama."

Nikampa namba za kadi yangu ya benki, ya akaunti ile ninayowekea kodi ya fremu. Mimi na akili zangu! Umeme wa luku unanunua kwanza, yuniti zikiisha unakaa giza. Wingu linakuhudumia kwanza, halafu linakata kwenye kadi, wala halikuulizi kama umeuza au hujauza.

Wateja wa mbali walikuja kidogo, wakapotea. Fundi akapata kazi Dodoma, akaenda zake. Mimi nikaifuta ile programu kwenye simu yangu, nikasema haya, duka la wingu nimelifunga. Kumbe!

Meseji za benki zilikuwa zinaingia kwa Kiingereza. Nilizifuta bila kuzisoma. Siku ya kulipa kodi nikaenda benki, nikakuta pesa haifiki hata nusu. Binti wa dirishani alianza kuniambia kuna makato ya mtandaoni, lakini sikumsikiliza. Nilitembea mpaka Mnazi Mmoja, nikakaa chini nikalia, watu wanapita wananitazama. Kichwani nilikuwa na jibu tayari. Sokoni kwetu pesa ikiyeyuka bila sababu, ni chuma ulete, na tunaambiwa inaingia kwa noti ya mtu ikichanganyika na zako. Sasa nani ananiletea noti kila asubuhi?

Kesho yake Mama Zuhura akaja na elfu kumi yake. Nikamrushia kifuani mbele ya wateja. "Chukua noti yako na majini yako, mchawi wewe!"

Hakupiga kelele. Aliinama akaiokota. "Mimi, Mama Glory? Mimi niliyekushikia duka?"

Nilimjibu kwamba siku zile ndipo alipotega uchawi wake. Mungu anisamehe, nilimjibu hivyo.

Jumapili ile nikaja kwenu kushuhudia. Ninyi mkapeleka habari majumbani, na mawinga, wale wavuta wateja, wakaimalizia sokoni. Hakuna aliyemchenjia tena. Mteja akitaka kuingia kwake, mtu anamvuta mkono. Miezi mitatu tu, mama wa watu akafunga khanga zake, akarudi Lindi. Nilimwona akifunga makufuli mara ya mwisho. Nikawasha redio ya nyimbo za injili, kwa sauti kubwa.

Ndugu zangu, siku ya kumi tangu aondoke, meseji ya benki ikaingia. Pesa imekatwa tena.

Nikapaka duka zima mafuta ya upako. Nikafunga kula. Mwezi uliofuata ikakatwa tena! Mchawi yuko Lindi, noti zake hazipo, pesa inaondoka na nani? Hofu ilinishika, silali, sili. Siku moja baada ya ibada nikamvuta pembeni Dada Upendo, yule wa kwaya anayefanya kazi ya kompyuta ofisini, nikampa simu na kadi. Akasoma, akanishika bega.

"Mama, hii siyo chuma ulete. Hii ni bili."

Akanionyesha mstari kwa mstari. Nilifuta programu kwenye simu, lakini kule kwenye wingu kompyuta yangu ilikuwa inawaka usiku na mchana, inahesabiwa kila saa, ina mteja, haina mteja. Na kompyuta yenyewe ni kubwa, ya kulitosha soko zima! Picha zilitozwa kodi ya stoo, na kila usiku nakala mpya ikitengenezwa juu ya za zamani. Hata mtu wa mbali akizitazama tu bila kununua, kuzisafirisha mpaka kwake nalipia mimi. Upendo akahamisha picha, akazima kompyuta, akafuta nakala, akaweka na king'ora cha kunijulisha bili ikipanda. Akanionya kuwa king'ora kinapiga kelele tu, hakizimi kitu, kuzima ni kazi yangu. Yote hayo yalichukua muda wa kunywa chai.

Muda wa kunywa chai! Na mimi nilikuwa nimemmaliza mtu.

Nikampigia Mama Zuhura. Nililia, nikamweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Nimekusamehe, Mama Glory. Lakini jina langu uliligawa Kariakoo nzima. Lirudishe kila ulikoligawa." Akakata simu.

Nimeanza kulirudisha, fremu kwa fremu. Wengine wananicheka. Mmoja amesema labda Mama Zuhura anaroga hadi kompyuta. Inaniuma, lakini naendelea. Leo nimefika kwenu.

Namshukuru Mungu aliyenifungua. Kilichonifunga hakikuwa mkono wa jirani, kilikuwa mdomo wangu na uvivu wa kuuliza. Mwaminini Mungu, ndugu zangu, mkabidhini na biashara zenu. Ila bili usiyoielewa, mpelekee anayejua kusoma kabla hujamtafuta mchawi. Na wewe uliyebeba maneno yangu ya mwaka jana mpaka nyumbani, nakuomba ubebe na haya, maana peke yangu sifiki kote.

Mama Zuhura siyo mchawi. Hajawahi kuniibia hata shilingi.

Kama mmenisikia, semeni amina. Na hii msiseme polepole. Isemeni kwa sauti ile ile ya mwaka jana.