Sista Loy Awor, Aliyemlaza Mtu kwa Kuwa Mzima

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, Sista Loy Awor, mkuu wa wodi ya wagonjwa wa akili katika hospitali yetu hii ya mpakani na Kenya, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni 1985. Kamati ya sherehe ya kumuaga ilitafuta mtu wa kuandika wasifu wake. Makarani walijitolea, lakini nani alimjua kazini kuliko mimi, dereva wa gari la wagonjwa? Nimefika Mombasa, Juba, na Kigali mara mbili, na mwanamke wa namna hii sijamwona kokote.

Alizaliwa upande wa Tororo katika familia ya wakulima, akasomea uuguzi, akaletwa kwetu akiwa mwembamba. Wembamba uliisha, ukali ukabaki.

Sheria ya kumlaza mtu kwa nguvu kwa dharura ilikaa kichwani mwake kama wengine wanavyoweka nyimbo za kanisa. Alitufundisha sote, hata sisi tulioacha shule darasa la sita kwa sababu zetu. Mtu halazwi kwa kuwa mkorofi, wala mlevi, wala kwa kuwa ndugu zake wamemchoka. Lazima awe hatari kwa wengine au kwa nafsi yake, hatari ya leo hii, na anayetia saini awe ameiona kwa macho yake. Muda wa amri ya kumlaza ukiisha anaachiliwa. Akiwa salama anakabidhiwa kwa ndugu.

Ili aone kwa macho yake, Sista aliweka benchi mlangoni. Aliyeletwa na aliyemleta waliketi pamoja, wakanywa uji wa mtama kwanza, yeye akiwatazama. Siku moja ndugu watatu kutoka kijiji cha Dabani walimleta kaka yao amefungwa kamba juu ya baiskeli, eti kichaa. Uji haujaisha, tayari wanagombana nani atachukua shamba lake. Kaka alirudi nyumbani akiendesha baiskeli. Wale watatu walirudi kwa miguu nyuma yake.

Sasa nifike mwaka 1976, maana najua ndio mnaousubiri. Siku zile za serikali ya kijeshi, daktari wetu alivuka kwenda Kenya kununua dawa ya meno, na hadi leo bado anachagua. Saini ikabaki kwa Sista. Ndipo likaja gari la jeshi kutoka Tororo, ndani yake Sajini Ilukor na mfanyabiashara wa chumvi aitwaye Sowedi.

Kosa la Sowedi lilikuwa hivi. Kwenye gwaride, upepo ulipeperusha kofia ya mkubwa mmoja, ikamkaa mbuzi kichwani, na mbuzi akasimama wima kabisa. Uwanja mzima ulitazama mbele. Sowedi akacheka. Mkubwa akatoa hukumu papo hapo: mwenye akili hawezi kucheka gwaride. Apelekwe hospitali. Akiwa kichaa, alazwe. Akiwa mzima, arudishwe kwa mkubwa. Na waliorudishwa kwake hatukuwaona tena, hata viatu vyao.

Lakini Sowedi alichoogopa ni wodi. Nani atanunua chumvi ya kichaa? Akaketi kwenye benchi, akanyoosha kanzu, akaanza kuwa mzima kuliko binadamu wa kawaida. Alitaja siku za wiki kwenda mbele na kurudi nyuma. Akausifu uji. Akamuuliza Sajini hali ya watoto.

“Mama Sista, mimi hapana kichaa,” alisema. “Mimi narudi na hawa afande, naeleza mkubwa mambo ya mbuzi, maneno naisha.”

Nilimkonyeza. Nilimkanyaga mguu. Nilikohoa mpaka kifua kikauma.

“Dereva huyu ndiyo kichaa,” Sowedi akamwambia Sajini. “Ona macho yake.”

Sajini akamaliza uji, akafuta masharubu. “Sista, huyu nazungumza vizuri sana. Ni mzima. Sisi nakwenda.”

Jasho lilinitoka mimi niliyepita vizuizi vyote vya barabara hii nikipiga mluzi. Sista Loy hakuwahi kumlaza mtu kwa uongo, na tulijua hataanza siku hiyo. Alimgeukia Sowedi.

“Baba, unataka kurudi na hili gari?”

“Ndiyo.”

“Kwa hiari yako?”

“Hata sasa hivi!”

“Na mkubwa utamweleza nini?”

“Kwamba kofia ilimpendeza mbuzi.”

Sista akamwangalia Sajini. “Afande, wewe ungekubali kwenda leo kumwambia mkubwa maneno hayo?”

Sajini, mtu mzima mwenye bunduki, akatazama chini ya benchi. “Mama, mimi hapana.”

“Basi umesikia mwenyewe. Huyu ni hatari kwa nafsi yake, hatari ya leo hii. Kalamu iko wapi?”

Sowedi alipiga kelele za mtu mwenye akili zake zote, ambazo hazina tofauti na zile nyingine. Sajini mwenyewe alisaidia kumbeba, tena kwa upole.

Amri ilipokaribia kuisha, Sista alimkabidhi kwa ndugu, kama sheria inavyotaka. Ndugu wa karibu alikuwa dada yake, Hajara, na Hajara alikaa Busia ya Kenya. Sheria haikusema ndugu wa upande gani. Tulivuka mchana kweupe, Sowedi akiwa na nguo za wodi, Sista kando yake, mimi kwenye usukani. Askari wa kizuizi walirudi nyuma wenyewe, wazimu usije ukawarukia. Tulipomshusha, Sowedi alimgeukia Sista: “Umeniharibia jina!”

Sista akajibu, “Ndiyo, baba. Ila mwenye jina yupo.”

Sowedi alimnunia mpaka 1979, vita vilipoiangusha serikali ile, akarudi nyumbani na kuuliza habari za wenzake waliopelekwa kwa mkubwa. Wengi wao hawakuwa na habari tena. Siku ile alikuja mwenyewe akaketi kwenye benchi, akaomba uji. Leo chumvi ya pilau mtakayokula ni yake. Bado anadai cheti cha kuwa mzima, na Sista bado anamkatalia: sheria haina cheti hicho kwa yeyote, hata kwa mganga mkuu.

Sista Loy, kwa uliowalaza, na zaidi kwa uliokataa kuwalaza, asante. Nenda ukalime karanga zako, ulale mpaka jua likuamshe lenyewe, unywe uji uliopikwa na mtu mwingine. Miaka yako iliyobaki iwe mingi na mitamu. Lakini tukikuona Jumatatu getini unadai u mzima na unataka kurudi kazini kwa hiari yako, hatutabishana. Benchi lipo, uji upo, na sheria umetufundisha mwenyewe.

Mutwalibu, dereva wa gari la wagonjwa